Mali Kauli Baada ya Moto



Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza soko la Kariakoo. Katika biashara ya mahali pale wako wachukuao mali kauli, yaani hupewa bidhaa na mwenye duka la jumla kwa neno la kinywa tu, nao hulipa wakiisha kuuza. Kwa mtu wa namna hii bidhaa iliteketea, lakini deni halikuteketea. Basi mwenye kumdai afanye nini?

Akili ya biashara yajibu: Mngojee, umwongezee na mzigo mwingine, kwa kuwa aliyesaidiwa siku ya msiba hausahau mlango uliomfungukia. Neno hili ni kweli, wala si dhambi. Yule wakili wa Luka 16 alipunguza hati za wadeni wa bwana wake ili wamkaribishe nyumbani mwao, na busara yake ilisifiwa. (Udhalimu wake haukusifiwa, walimu walieleze jambo hili vema darasani.)

Lakini iko subira iliyo mtego. Tajiri humngojea mtu, kisha humwuzia kwa bei kuliko wengine, naye maskini hathubutu kununua kwa jirani kwa sababu ya deni. Huyo si mteja tena, ni mfungwa. Dr. Martin Luther, alipoandika juu ya biashara na riba mwaka 1524, aliwakemea wale waifanyao shida ya jirani kuwa sababu ya kupandisha bei. Mwenye duka Mkristo na aseme wazi deni ni kiasi gani, na litalipwa kidogo kidogo hata lini, na bei iwe ile ile ya watu wote. Tena aandike, maana msiba husahaulisha hesabu.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka papo hapo Kariakoo, watu wakafa. Mfanya biashara akifa, pengine mjane wake hatarudi dukani kamwe. Hapana mteja wa kumpata kwa kumhurumia. Hapo ndipo ijulikanapo kama mdai alimpenda mtu au alipenda fedha yake. Wazee wa kanisa wasimwache mama huyo aende peke yake kwa mdai, bali wafuatane naye, na daftari mkononi. Paulo alipomwombea Onesimo hakusema maneno ya huruma tu. Alimwandikia Filemoni kwa mkono wake mwenyewe kwamba, kama liko deni, atalipa yeye.