Mpagazi si Seli

Mwili wa binadamu huua kilicho chake ili ubaki hai. Virusi vinapoingia ndani ya seli, vimeng'enya vilivyokusanyika katika chombo kiitwacho proteasomu hukatakata protini za humo, za mwenyeji na za mgeni pia. Baadhi ya vipande hupandishwa hadi kwenye utando wa nje, vikaonyeshwa. Askari wa kinga hupita wakivikagua. Wakikuta cha mgeni, huitoboa seli na kuitia vimeng'enya vingine, granzaimu, navyo huamsha vilivyolala ndani yake. Seli hufa kwa visu vyake yenyewe. Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, walioeleza katika miaka ya 1970 jinsi askari hao wanavyomtambua mgeni, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Je, msafara nao una haki hiyo? Katika njia ya kutoka pwani hadi Tabora, ambako misafara iligawanyika, mingine ikishika ya Ujiji na mingine ya Karagwe, ndui ilisafiri pamoja na pembe na nguo. Mwaka 1857 Richard Burton, akielekea Kazeh, alikutana na msafara uliokwisha kupoteza watu wapatao hamsini kwa maradhi hayo. Waliopofuka walijikokota, akina mama walibeba wachanga wenye vidonda kama vyao. Hakuna kijiji kilichowapokea. Aliyeanguka aliachwa.

Mtetezi atasema: ndivyo mwili ufanyavyo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani kijiji kilichofungua lango huenda kingezika watu wake wengi. Lakini seli haina mama huko Unyamwezi anayehesabu miezi. Wala seli iliyokwisha hukumiwa haiponi, ilhali mtu hupona: ndui iliua kadiri ya watatu katika kila wagonjwa kumi. Kwa hiyo miongoni mwa walioachwa porini wamo ambao kiu na fisi viliwaua kabla ya ndui, kama ndui ingewaua kabisa. Na aliyepona kwa kawaida hakuugua tena. Yeye ndiye angeweza kumwuguza mwenziwe bila hofu. Yamkini msafara wa mamia ya wapagazi haukukosa watu wa namna hiyo, wenye makovu usoni, lakini mabega yao yalihitajiwa kwa pembe.

Kutenga ni jambo moja, kutelekeza ni jingine. Mwanakijiji aliyefunga lango alitenga, na pengine alikuwa na haki. Lakini kibuyu cha maji kilichoachwa chini ya mti, mbali na lango, kisingemwambukiza mtu yeyote ndani ya boma.