Goti la Chuma na Subira

Darsa letu la hapa Port Reitz limeletewa swali na kijana mmoja. Mamake magoti yamemwisha. Haondoki kitini ila kwa kushikwa. Tabibu amesema dawa za kutuliza hazimfai tena, na lililobaki ni kupasuliwa na kutiwa goti la chuma. Ami zake wamekataa. Wasema kwamba huo ni uzee na uzee hauna dawa. Kwamba goti la chuma ni kubadilisha umbo la Mwenyezi Mungu. Na kwamba Muislamu akipatwa na mtihani husubiri. Jee, amfuate nani?

Kwanza yatupasa tuujue ugonjwa wenyewe, kwani kuhukumu usilolijua ni dhulma. Ncha za mifupa inayokutana gotini zimevikwa gegedu, kitu laini kitelezacho, ili mfupa usisage mfupa. Gegedu likilika, mifupa husuguana, goti likavimba na kukakamaa, na mguu hata ukapinda. Wako wasemao ni upepo, na wako wanaompeleka mgonjwa kwa mganga akatafutiwe pepo. Tabibu wa upasuaji yeye huondoa sehemu iliyoharibika, akazivika ncha za mifupa madini, na baina yake akatia plastiki ngumu. Kazi hii si ya jana: Frank Gunston, tabibu wa Kanada, alitia magoti ya namna hii huko Uingereza mwaka 1968, na leo yatiwa hata nchini mwetu Kenya. Mengi yao hudumu zaidi ya miaka 15.

Ama hoja ya umbo, kurudisha kilichoharibika si kubadilisha, bali ni kutengeneza. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani siku ya Kulab, akafanya pua ya fedha, ikanuka. Mtume (s.a.w.) akamwamrisha afanye ya dhahabu, na dhahabu ni haramu kwa wanaume. Ikiwa dhahabu ilihalalika puani, chuma kina dhambi gani gotini? Na hapa petu ipo skuli ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Mtoto akivikwa vyuma vya miguu apate kusimama, sote twasema alhamdulillahi, wala hatujamsikia ami yeyote akimwambia avivue.

Ama hoja ya uzee, ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) alipotuamrisha kujitibu aliutoa uzee katika maradhi yenye dawa. Lakini maradhi yanayomkuta mtu uzeeni siyo uzee wenyewe. Mtoto wa jicho naye huja na uzee, na wazee wetu wangapi wametolewa mtoto huyo wakarudi kusoma msahafu!

Ama subira, hapa ndipo penye kosa kubwa. Mfano tunaopigiwa kila mara ni wa Urwa bin Zubeir, mwanachuoni wa Madina, ambaye mguu wake ulioza safarini. Watu hukumbuka kwamba hakulalamika, wakasahau kwamba mguu ulikatwa. Aliukubali msumeno wa matabibu, kisha akasubiri. Na subira hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Hakuamrishwa na mtu aliyekaa kando na miguu yake mizima.

Hatusemi kwamba kupasuliwa ni wajibu. Kwa wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi'i kujitibu ni suna. Tena upasuaji huu una khatari zake: damu huweza kuganda mishipani, na vidudu kuingia katika jeraha. Mazoezi ya baadaye yana uchungu, na wengi hawawezi kulipigia goti hilo kama zamani, wakaendelea kusali kitini. Basi asiende mtu kupasuliwa kwa kudhani kuwa sala yake ya kitini ina kasoro. Imran bin Huswain alikuwa mgonjwa, na Mtume (s.a.w.) akamwambia asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Gharama nayo ni kubwa, na asiyeweza hana lawama. Lakini tusiite subira kile ambacho hakika yake ni kuzionea uchungu pesa, khasa ikiwa arusi ya mwaka jana ilikula siku saba.

Tulimuuliza kijana yule: mamako mwenyewe asemaje? Akanyamaza. Tabibu ameulizwa, ami wameulizwa, nasi tumeulizwa; mwenye magoti hakuulizwa.

Basi jibu letu ni hili. Rudi nyumbani, ukae mbele ya mamako, umweleze faida na khatari kama ulivyoelezwa na tabibu, bila ya kumtisha wala kumpamba. Akichagua kupasuliwa, msaidieni kwa mali na kwa dua. Akichagua kusubiri, hiyo ndiyo subira yenye thawabu, nanyi mumshike mkono kila anapotaka kuinuka. Ama kuwasubirisha wengine kwa maumivu tusiyoyasikia sisi, hilo halina thawabu kwetu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe huruma kwa wazazi wetu kabla hatujayapata magoti yao. Amin.