Waliokuwa Nje ya Uzio

Ripoti ya mwisho ya ajali ya ndege iliyotokea mwaka 2015 kwenye maonyesho ya Shoreham, Uingereza, iliyotolewa Machi 2017, inaeleza imani mbili ambazo kila anayeandaa shughuli ya watu wengi anapaswa kuzijua. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza iliamini kwamba hatari za maonyesho ya ndege ni mzigo wa mwandaaji. Mwandaaji naye aliamini kwamba mamlaka isingempa kibali bila kwanza kuridhika na usalama wa maonyesho yenyewe. Kila upande ulimtegemea mwenzake, na kila upande ulikuwa na nia njema. Watu 11 wakafa barabarani.

Kisa hiki kinafaa kusimuliwa polepole, kwa kuwa waliohusika walikuwa watu wa kazi yao, na mahali penyewe ni uwanja mdogo ambao heshima yake katika historia ya urukaji wa Uingereza inavishinda viwanja vingi vikubwa.

Shoreham ipo pwani ya kusini ya Uingereza, kaunti ya West Sussex, kilomita chache magharibi mwa Brighton. Uwanja umekaa kwenye ardhi tambarare ukingoni mwa mto Adur, karibu na pale mto unapomwaga maji baharini. Mwaka 1910, wakati hata miaka 7 ilikuwa haijatimia tangu ndugu wawili wa familia ya Wright waruke kwa mara ya kwanza kule Marekani, mchoraji aitwaye Harold Piffard alikuja kwenye majani ya hapa kujaribu ndege aliyoiunda mwenyewe. Uwanja ukafunguliwa rasmi tarehe 20 Juni 1911. Wiki mbili baadaye, tarehe 4 Julai, Horatio Barber aliruka kutoka hapa mpaka mji jirani wa Hove akiwa na shehena ya taa za umeme za Osram, na safari hiyo fupi ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kusafirisha mzigo kwa ndege nchini Uingereza. Mwaka 1936 likafunguliwa jengo jeupe la abiria lililobuniwa na Stavers Tiltman, mojawapo ya majengo mazuri ya viwanja vya ndege yaliyobaki kutoka enzi ile, na leo linalindwa kisheria. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, uwanja ukawa wa jeshi. Lipo bado kuba la zege ambamo vijana walifundishwa kulenga ndege za adui kwa picha zilizorushwa ukutani.

Mahali kama hapa hupata baraka na mtego kwa pamoja. Baraka ni kwamba watu hupapenda na kupatunza. Mtego ni kwamba umri wake huanza kuchukuliwa kuwa dhamana, na watu husema mambo yamefanyika hapa miaka yote na hakuna lililotokea.

Itazame ramani. Mashariki kuna mto. Kusini kuna reli, kisha nyumba, kisha bahari. Kaskazini inapita A27, barabara kuu ya pwani hiyo, yenye magari mchana kutwa, na kwenye makutano karibu na uwanja kuna taa zinazoyasimamisha magari yakapanga foleni. Ng'ambo ya barabara ardhi inapanda kuelekea vilima, na kwenye mteremko imesimama shule ya Lancing College na kanisa lake kubwa la mawe linaloonekana kutoka mbali. Wasomaji wa kusini mwa Tanzania wana sababu ya kulijua jina hilo: Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1960 mpaka 1968, alisoma pale, na kanisani mwake kuna dirisha la vioo vya rangi la kumkumbuka. Basi uwanja umebanwa pande tatu. Mwaka 1911 kubanwa huko hakukuwa na maana kubwa, kwa sababu ndege zilikuwa za mbao na turubai, nyepesi, na mwendo wake ulikuwa wa taratibu. Karne ikapita. Uwanja ukabaki pale pale, magari barabarani yakaongezeka, na ndege zilizoalikwa kuja kuonyeshwa zikawa za jeti.

Maonyesho ya ndege ya Shoreham yalifanyika kila mwaka kwa zaidi ya miaka 20, na fedha zake zilisaidia chama cha wanajeshi wa zamani wa anga na familia zao. Familia nzima zilikuja na mikeka na vyakula. Zipo nchi nyingi zinazoziacha ndege zao za kale zioze nyuma ya mabanda. Uingereza ina watu wanaotumia mali na miaka yao kuzifanya ziruke tena ili mtoto asikie mlio ambao babu yake aliusikia wakati wa vita. Naiheshimu kazi hiyo, na ndiyo maana nasikitika ilivyochafuliwa na jambo lililoweza kuzuiwa.

Uingereza ilikuwa imeshaonja machungu haya. Tarehe 6 Septemba 1952, kwenye maonyesho ya Farnborough, ndege ya aina ya de Havilland 110 ilivunjika hewani na vipande vyake vikaangukia watazamaji. Walikufa 29 kati yao, pamoja na rubani John Derry na mwenzake Tony Richards. Kanuni zikakazwa: umbali kati ya ndege na watazamaji ukapangwa, na rubani akakatazwa kuelekeza ndege kwenye umati. Kanuni hizo zilifanya kazi. Kwa karibu miaka 63 iliyofuata hakuna mtazamaji aliyeuawa na ndege ya maonyesho nchini humo. Lakini ziangalie vizuri uone zilimlinda nani. Kilichopimwa hasa ni umbali wa ndege kutoka kwa watazamaji waliopangwa ndani ya eneo la maonyesho. Yule aliyepita nje kwa shughuli zake hakuwa na mstari uliochorwa kwa ajili yake.

Shoreham yenyewe ilipata onyo. Septemba 2007, kwenye maonyesho yale yale, ndege ya vita ya Hurricane ilianguka kwenye kilima karibu na Lancing College na rubani wake akafa. Ilianguka nje ya uwanja, kaskazini, ng'ambo ya A27. Ardhi ile haikuwa na watu kwa dakika ile, na hilo ndilo lililotofautisha msiba wa mtu mmoja na msiba wa wengi. Maonyesho yaliendelea mwaka uliofuata na mingine iliyofuata. Mwaka 2014, kwenye maonyesho ya mji wa Southport, rubani mmoja aliamriwa kwa redio akatishe onyesho lake mara moja kwa sababu za usalama. Hakupoteza idhini yake ya kuruka kwenye maonyesho. Mwaka mmoja baadaye rubani huyo huyo alipangwa kuruka Shoreham.

Jumamosi ya tarehe 22 Agosti 2015 alitokea uwanja wa North Weald, Essex, akiendesha Hawker Hunter, jeti ya kivita ya miaka ya 1950. Ni aina ambayo hata jeshi la anga la Kenya liliwahi kuirusha. Muda mfupi kabla ya saa saba na nusu mchana alianza kupiga kitanzi: ndege inapanda wima, inapinduka kileleni mgongo ukiwa chini, kisha inashuka na kujinyoosha karibu na ardhi. Kitanzi hakisameheki kikianza vibaya, maana ile nafasi ya kujinyoosha mwishoni huamuliwa na kasi ya mwanzoni. Wachunguzi walikuta kwamba aliingia kwa kasi ya noti (maili za baharini kwa saa) kama 310, wakati ndege ile ilihitaji angalau 350. Aliingia akiwa chini ya futi 500, kimo cha chini kabisa alichoruhusiwa kwa sarakasi za angani. Injini haikupewa nguvu zote wakati wa kupanda. Kileleni alifika futi 2,700 hivi, na alihitaji angalau 3,500.

Hapo kileleni palikuwa bado na njia ya kutokea. Majaribio yaliyofanywa baadaye na ndege ya aina hiyo yalionyesha kwamba hata sekunde 4 baada ya kilele rubani angeweza kuigeuza ndege, akaachana na kitanzi na kwenda zake salama. Hakufanya hivyo. Ndege ikashuka bila nafasi ya kutosha, ikagonga A27 karibu na makutano yenye taa, ikawaka moto ikiburuzika juu ya magari.

Waliokufa wote 11 walikuwa nje ya uwanja. Wamo vijana wawili waliokuwa wakienda kucheza mechi ya soka, na dereva aliyekuwa njiani kwenda kumchukua bibi harusi. Wengine walikuwa wamesimama kandokando ya makutano kutazama ndege. Ndani ya uzio, mahali kanuni zilipoelekeza macho yake, hakuna aliyekufa. Rubani alijeruhiwa vibaya, akapona.

Wengi wakiisoma habari hii huishia kwa rubani. Kosa lake liko wazi katika ripoti na silipunguzi. Sheria ilimchunguza. Machi 2019 mahakama ya Old Bailey, London, ilimwachia huru kwa mashtaka ya kuua bila kukusudia kwa uzembe uliokithiri. Desemba 2022 uchunguzi wa chanzo cha vifo, unaotumia kipimo tofauti cha ushahidi, ulihitimisha kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria. Familia zilisubiri zaidi ya miaka 7 kufikia hapo. Lakini binadamu anayeendesha chombo atakosea siku moja, hata awe bingwa, na kazi ya wanaomzunguka ni kuhakikisha kosa lake haliishii kwenye foleni ya magari ya watu. Hapo ndipo Shoreham ilipokuwa tupu.

Aliyesimamia urukaji siku ile hakuwa na mpangilio wa rubani mkononi, wa kumjulisha mapema kila zoezi lingefanyikia juu ya nini. Tathmini ya hatari ilikuwapo kwenye karatasi, ila hatari ya ndege kuangukia makutano yale haikuwa imepimwa humo kama inavyostahili. Marubani walioendesha Hunter ile waliamini kwamba mwandaaji alikuwa ameshaombea ruhusa ya kupita juu ya maeneo yenye watu. Wachunguzi walisema wazi kwamba haikueleweka nani alikuwa na wajibu kwa watu wa nje ya eneo la maonyesho, wale ambao mwandaaji hakuwa na mamlaka juu yao. Wahenga walituonya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Shoreham kila mmoja alidhani nahodha ni mwenzake, na usukani ukawa hauna mkono.

Baada ya msiba mambo yalibadilika haraka. Siku chache tu zilipita, jeti za kale zikazuiwa kufanya sarakasi juu ya nchi kavu, zikaruhusiwa kupita tu. Kisha waandaaji wakadaiwa tathmini ya hatari inayokaguliwa kabla ya kibali kutoka, na mahali ambapo watu hujikusanya nje ya uwanja kutazama bure pakaanza kuhesabiwa. Wapo wapenzi wa ndege walionung'unika kwamba masharti na gharama mpya vitaua maonyesho madogo. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Urithi unaodumu kwa kuwatwika majirani hatari wasioijua unadumu kwa gharama isiyo yake. Dereva aliyesimama kwenye taa nyekundu hakuulizwa kama anakubali.

Uwanja wa Shoreham bado unatumika. Jengo la Tiltman lipo, wanafunzi wa urubani wanapaa na kutua. Maonyesho ya ndege hayajarudi tangu siku ile. Kwenye ukingo wa Adur, jirani na daraja la kale la mbao ambalo watu walilijaza maua wiki ile, imejengwa kumbukumbu yenye matao 11.

Huenda hutaandaa maonyesho ya ndege maishani mwako. Lakini utakaa kwenye kamati ya mbio za magari, ya mkutano wa injili au maulidi, ya tamasha la shule, ya fataki za mwaka mpya. Utakabidhiwa karatasi yenye muhuri na utaambiwa wakubwa wameshapitisha. Siku hiyo usiishie kukagua viti vya wageni na lango la wenye tiketi. Toka nje ya uzio, tembea mpaka barabarani, simama na mama anayeuza mahindi na kijana wa bodaboda anayesubiri abiria, kisha tazama ulikotoka na ujiulize nini kinaweza kuwafikia hapo. Rudi kwenye kikao udai jina la mtu mmoja, jina lenye sahihi, anayebeba dhamana ya watu hao. Kama jina halipatikani, ahirisha shughuli.