Maiti wa Misri Mbele ya Macho Yetu

Neno mumiani wasomaji wetu hawahitaji kufafanuliwa. Wengi tulitishwa nalo utotoni, tukaambiwa kwamba wako watu watembeao usiku wakitafuta damu ya kufanyia dawa. Wachache wajua kwamba neno hili limetoka mbali, Uajemi na Uarabuni, na kwamba ni ndugu wa jina ambalo Wazungu huwaita maiti wa Misri ya kale, wale waliokaushwa na kuviringishwa sanda. Mumiani ya kwanza ilikuwa dawa nyeusi kama lami. Baadaye wafanya biashara waliona kwamba maiti wale nao wamepakwa kitu cheusi. Basi wakawafukua, wakawasaga, na unga wao ukauzwa katika maduka ya dawa ya Ulaya kwa mamia ya miaka. Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, aliupinga kwa kalamu mwaka 1582. Hawakumsikia. Walikula wafu wa watu wengine, na hoja yao ilikuwa moja tu: yawafaa walio hai.

Twayakumbusha hayo kwa sababu siku hizi maiti hao hao watafutwa tena kwa ajili ya afya yetu. Hoja ni ile ile. Je, na tendo ni lile lile?

Mwaka 2013 jarida la madaktari liitwalo The Lancet lilitangaza uchunguzi wa maiti 137 wa kale, wa Misri, wa Peru, wa kusini-magharibi ya Marekani na wa visiwa vya Aleutian. Walipitishwa katika mashine ya CT, ambayo hupiga miali ya eksirei toka kila upande wa mwili, kisha kompyuta huziunganisha picha hata daktari akaona ndani bila kisu. Katika maiti 47, yaani zaidi ya theluthi moja, zilionekana dalili za ugonjwa wa kukakamaa kwa mishipa ya damu, ule uletao mshtuko wa moyo. Mmojawapo wa Wamisri walioonekana nao ni binti mfalme Ahmose-Meryet-Amon, aliyefariki yapata miaka 3,500 iliyopita kabla ya kuufikia uzee. Sisi tuliozoea kuilaumu sigara, chakula cha mikebe na kazi ya kukaa kitini, tumepewa la kufikiri.

Hapa hapana aliyeliwa, wala aliyekatwa. Tofauti hiyo ni kubwa, nasi twashukuru. Lakini tusiharakishe. Kisu kilikuwa na jema moja: kilimfanya mtu asite. Mwali haumsitishi mtu. Huingia na kutoka pasipo alama, na picha ya matumbo ya marehemu husambazwa duniani kabla ya jioni. Nani kati yetu angekubali picha ya ndani ya mwili wa mama yake ibandikwe sokoni, hata kama ugonjwa wake una mafundisho?

Baba Mtakatifu Pio XII, tarehe 14 Mei 1956, alifundisha kwamba mwili wa marehemu hauna tena haki kama mtu aliye hai, lakini si kitu tu kama vitu vingine, kwa kuwa ulikuwa makao ya roho isiyokufa. Tena hakuwakataza madaktari kuuchunguza ili wajifunze. Wazee wetu wamwitapo maiti "huyu" wamekwisha kusema karibu neno hilo hilo. Wako waamini wasemao kwamba heri wafu wa Misri waachwe kabisa. Twawaheshimu, ila hatukubaliani nao. Uchunguzi ni halali. Bali yeyote amtazamaye maiti hujitia deni kwake, na deni la kwanza ni ukweli.

Tazameni habari ya mfalme kijana Tutankhamun. Mwaka 1968 alipigwa eksirei, vikaonekana vipande vya mfupa ndani ya fuvu. Basi uvumi ukaenea kwamba alipigwa kisogoni, na vitabu vikaandikwa kumtuhumu Ay, mzee aliyerithi kiti chake. Januari 2005 mfalme alipitishwa katika mashine ya CT, zikapatikana picha 1,700 hivi. Wataalamu hawakuona dalili yoyote ya pigo la kichwa. Vipande vile vilivunjika baada ya kufa kwake. Ay alisingiziwa damu mbele ya dunia nzima, wala hakuwa na mtoto wala mjukuu wa kumtetea. Amri ya nane haikusema kwamba jirani akiisha kufa twaweza kumshuhudia uongo! Tena kosa halikuwa la mashine. Lilikuwa la ndimi zilizokwenda mbele ya macho.

Picha hizo hizo zilionyesha na jambo jingine: viungo vilivyokatwa mwaka 1925 na wafukuaji, ili kumbandua mfalme katika jeneza lake. Hivyo miali iliyomwondolea Ay hatia iliwashuhudia wale waliokuwa wakisifiwa ulimwenguni.

Usiku ule wa 2005 walimtoa kaburini, wakampiga picha katika gari lililosimama nje, wakamrudisha usiku ule ule. Hilo lilikuwa la adabu. Mwaka 2007 walimweka katika sanduku la kioo mle mle kaburini, uso na miguu ikiwa wazi, ili wageni wakikata tikiti wapate kumtazama. Hao hawamtafuti ugonjwa wowote.