Sifa na Lawama za Aliyetumwa

Je, kazi tuliyoagizwa na mtu mwingine ni yetu? Maisha ya Michael Curtiz, mzaliwa wa Budapest wa mwaka 1886, yanalipima vizuri swali hilo. Kuanzia 1926 alikuwa mwongozaji wa filamu katika studio ya Warner Bros. huko Hollywood, na kwa zaidi ya robo karne alipokea hadithi na waigizaji kutoka kwa wakubwa wake: leo maharamia, kesho majambazi, keshokutwa filamu ya nyimbo. Wahakiki waliomtukuza mwongozaji mwenye falsafa yake walimwona fundi hodari, basi. Hata Casablanca ya 1942, iliyompa tuzo ya Oscar, waliihesabu kuwa bahati: mtayarishaji Hal Wallis aliisimamia, waandishi kadhaa waliitunga, na kamera zilianza kazi kabla skripti haijakamilika.

Hoja hiyo inachanganya chanzo cha kazi na utendaji wake. Skripti inaweza kuagiza pambano la panga. Kulionyesha kwa vivuli vinavyokimbizana ukutani, kama katika The Sea Hawk ya 1940, ni uamuzi wa aina nyingine. Vivuli hivyo tunavikuta tena katika Mildred Pierce ya 1945, kisa cha mama na bintiye kisicho na upanga wala merikebu. Waandishi walibadilika, hadithi zikabadilika, jicho likabaki lilelile. Kinachodumu wakati maagizo yanabadilika hakiwezi kuwa mali ya maagizo.

Mpinzani atajibu kwamba mjumbe hauawi: aliyetumwa hana sifa wala lawama. Lakini mwaka 1943 studio ilimpa Curtiz Mission to Moscow, filamu iliyowaonyesha washtakiwa wa kesi za kubuni za utawala wa Stalin kuwa na hatia kweli. Baadaye mwandishi wa filamu hiyo, Howard Koch, aliingizwa kwenye orodha ya waliofungiwa kazi Hollywood. Curtiz akaendelea kuongoza filamu. Ustadi ule ule ndio uliofanya uongo ule uaminike. Ni kweli kwamba aliyefungwa na mkataba hana uhuru wa aliye huru, na hilo linapunguza fungu lake la lawama. Kupunguza si kufuta. Mjumbe hupeleka maneno kama alivyoyapokea. Curtiz aliyapa sura, mwendo na mwanga. Anayemnyima heshima ya Casablanca kwa kuwa alitumwa, sharti amwondolee pia aibu ya Moscow, na ushahidi wa kazi zake hauruhusu lolote kati ya hayo mawili.