Hatia na Nafsi Inayosuta

Je, mtu asiye na hatia anaweza kusutwa na nafsi yake? Wengi husema hapana, kwa kuwa kosa ni la mtenda. Lakini Kiswahili chenyewe kinatenganisha mambo haya mawili. Hatia huthibitishwa kwa ushahidi. Kusutwa ni kukabiliwa ana kwa ana na ukweli unaotaka kuukwepa.

Tuangalie Jinja, mji wetu sisi wa Mpumudde. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, wakapewa siku 90. Maduka na nyumba zao waligawiwa wengine. Sheria ya mwaka 1982 iliwaruhusu kudai mali hizo, na baadhi walirudi. Hadi leo majina ya Wahindi waliojenga yanasomeka juu ya majengo ya katikati ya mji.

Sisi vijana hatukumfukuza mtu, basi hatuna hatia. Hata hivyo, anayeyasoma majina hayo akiijua historia anaweza kusutwa, wala hajakosea.

Wapo watakaosema kwamba chini ya ukoloni Mwafrika alibaguliwa katika biashara. Ni kweli. Lakini dhuluma ya kwanza haihalalishi ya pili.

Kazi ya hisia hii si kutuadhibu. Inatuzuia kusema "yamepita" kabla hatujauliza nani alipoteza na nani alifaidika. Sheria inaweza kurudisha nyumba. Kuuliza swali hilo ni juu yetu.