Kujitunza na Kutunzana

Wahenga wamesema: mgonjwa haulizwi uji. Aliyelala kitandani hana nguvu ya kuamua. Walio wazima ndio wenye wajibu wa kuteleka chungu, na kumwuliza kama anautaka uji ni namna ya kumnyima bila ya kuonekana kuwa amenyimwa. Methali hiyo ilizaliwa zama ambazo maradhi yalimlaza mtu, kisha yakamwachia au yakamchukua. Haikuyafikiria maradhi yanayokaa mwilini miaka ishirini, na mwenyewe akienda sokoni na kurudi.

Ugonjwa wa figo utokanao na kisukari ni wa namna hiyo. Sukari inapozidi katika damu kwa muda mrefu huviharibu vichujio vidogo vya figo, na shinikizo la damu huongeza madhara. Dalili ya awali ni albumini, aina ya protini, inayovuja katika mkojo kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mdudu huyu haumi. Siku miguu inapovimba, aghalabu sehemu kubwa ya kazi ya figo imekwisha potea. Na zikishindwa kabisa, wengi hubakiwa na mawili tu: kupandikizwa figo nyingine, au kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Nao mwendo huo huweza kucheleweshwa, kwa kudhibiti sukari na shinikizo, kwa kupunguza chumvi, na kwa dawa kama losartan, ambayo mwaka 2001 ilithibitika kupunguza kasi ya kuharibika kwa figo za wenye kisukari.

Kwa kuwa ugonjwa hausemi, vimebuniwa vyombo vya kuusemea. Simu ya mkononi hukumbusha dawa, huhifadhi vipimo vya sukari na shinikizo, na huonya. Mwaka 2022 mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliidhinisha kipimo cha nyumbani ambacho kwacho kamera ya simu husoma kijiti kilichochovywa katika mkojo na kukadiria albumini. Mgonjwa, ambaye zamani hakuulizwa uji, sasa huulizwa kila asubuhi: umepima? umekula nini? umemeza dawa?

Je, huku ni kumkomboa, au ni kumtupa?

Hoja ya wanaosifu si dhaifu. Mtu anayemwona daktari mara 4 kwa mwaka, robo saa kila mara, hupata saa 1 katika saa 8,760. Zote zilizobaki yuko na nafsi yake. Kumficha habari za mwili wake kwa kisingizio cha kumhurumia ni kumfanya mtoto. Kumpa namba yake ni kumrudishia kilicho chake.

Lakini namba ni taarifa na pia ni shahidi. Ikiwa simu ilisema na figo zikafa, patatajwa neno moja tu: aliambiwa. Hapo ujuzi humgeuza mgonjwa kutoka mwenye kuonewa huruma hadi mwenye kulaumiwa. Nao wajibu haumfungi mtu kwa asiloliweza. Agizo la kupunguza chumvi humfikia mmoja, ilhali sinia ni la watu wote wa nyumba. Onyo la kwamba shinikizo limepanda halinunui vidonge.

Senegal ni mfano wa kuzingatiwa. Huko nako familia nyingi hula katika chombo kimoja. Katika Ramadhani ya mwaka 2014, wenye kisukari walitumiwa ujumbe mfupi wa simu wenye nasaha za chakula na maji katika mwezi wa saumu, chini ya mpango ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani. Ubora wa jambo lile ni kwamba ujumbe uliingia ndani ya ada ambayo watu huifuata kwa pamoja. Nasaha ya futari, ikisomwa na mpishi, ni nasaha ya jamaa nzima.

Annemarie Mol, mwanafalsafa wa Uholanzi aliyewachunguza watu wenye kisukari na waganga wao, alitofautisha katika kitabu chake cha 2008, The Logic of Care, fikra mbili. Fikra ya uchaguzi humpa mtu maamuzi, kisha humwachia na matokeo yake. Fikra ya utunzaji haishughuliki na nani mkosa. Huuliza ni lipi la kujaribu sasa, na likishindikana, lipi jingine.

Lugha ya Kiswahili imeubeba mzozo huu katika kitenzi kimoja. Kujitunza ni kwa mmoja: mtenda ndiye mtendwa. Kutunzana hakuwezekani bila ya wawili. Chombo hakina hatia wala sifa kwa chenyewe. Cha kuulizwa ni upande gani wa kitenzi hicho kinaupa nguvu. Albumini ikizidi usiku wa manane na skrini ikawaka, je, kuna muuguzi atakayeiona asubuhi na kupiga simu? Kuna dawa katika kituo cha afya? Kuna mkono utakaopunguza chumvi katika chungu cha wote? Yakiwapo hayo, kumwuliza mgonjwa ni heshima. Yasipokuwapo, ni kule kumwuliza uji ambako wahenga walikukataza.